Huruma ya Zamu: Jinsi ya Kumwangalia Jirani Mpaka Baada ya Matanga

Msiba ukitokea Mikindani, Mchinga au Kitangari, hakuna anayehitaji kufundishwa la kufanya. Turubai litapatikana, masufuria yatatoka nyumba tatu tofauti, vijana watachimba kaburi, akina mama watasonga ugali wa watu mia, na watani watakuja kumchekesha mfiwa katikati ya kilio. Huruma ya siku ya kwanza ipo tele huku Kusini mwa Tanzania. Pengo linaanza siku ya kumi na mbili: turubai limeshakunjwa, wageni wamerudi kwao, na mjane amebaki na ndoo mbili tupu na mguu unaouma. Liko pia kwa mzee anayeishi peke yake, ambaye hajafiwa wala hajalazwa, ila tangu asubuhi hajasemezana na mtu.

Mwongozo huu ni wa kuziba pengo hilo. Unahitaji watu wanane, kaunta buku moja, saa mbili za kila mmoja kwa wiki, na fedha kidogo sana. Ukiwa peke yako, anza na hatua ya kwanza na ya pili. Wenzako watakukuta njiani.

Kwa nini mtu mwema hupita tu

Kabla ya kupanga lolote, elewa huruma inakwama wapi. Mwaka 1973 watafiti John Darley na Daniel Batson waliwajaribu wanafunzi wa chuo cha dini huko Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kwenda kutoa hotuba fupi, na njiani aliwekwa mtu amejiinamia mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa kuwa bado wana nafasi, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, waliosimama walikuwa asilimia 10. Baadhi yao walikuwa wanakwenda kuhubiri habari ya Msamaria mwema, na hilo halikuwaongezea lolote la maana.

Miaka mitano kabla ya hapo, Darley na mwenzake Bibb Latané walikuwa wamepima jambo la pili. Mtu alimsikia mwenzake wa chumba kingine akishikwa na kifafa. Waliodhani ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia pia, asilimia 31 tu.

Kwa hiyo usianze kwa kuwalaumu majirani kwamba wana roho ngumu. Tatizo ni haraka na umati: mmoja anawahi mnada wa samaki, na wote wanadhani yupo mwingine aliyekwenda. Dawa yake ni muda uliotengwa kabla, na jina la mtu mmoja mwenye zamu ya leo. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya hayo mawili.

Hatua ya kwanza: zoeza jicho na sikio, wiki mbili

Kila jioni tenga dakika kumi, baada ya sala ya Isha au kabla ya kulala. Kaa, weka simu mbali, vuta pumzi polepole mara tano. Kisha wafikirie watu wanne, dakika mbili kila mmoja: wewe mwenyewe, mtu unayempenda, mtu unayepishana naye kila siku bila kumjua jina, na mtu aliyekuudhi. Kwa kila mmoja sema kimoyomoyo maneno yaleyale: apate nafuu, apate usingizi leo, apate wa kumsikiliza. Dakika mbili zinazobaki, jiulize kesho utapita kwa nani.

Wengi wanakwama kwa yule wa nne. Usijilazimishe kumpenda. Tafuta jambo moja tu unalolijua kuhusu shida yake, hata kama ni deni au jino bovu, ukae nalo. Ukiona hasira inapanda, rudi kwa yule unayempenda, kesho ujaribu tena.

Mchana, zoezi ni salamu. Kiswahili kimetupa salamu ndefu, lakini majibu yake ni ya adabu. Ukimwambia bibi "Shikamoo", atakuitikia "Marahaba, hujambo". Ukimuuliza "Umelalaje?", atajibu "Salama", hata kama amekesha kwa maumivu, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa kumjibu mtu. Wenye haraka huishia hapo na kuamini wamemjulia hali. Usiishie hapo. Baada ya "salama" weka swali la pili linalohusu kitu kinachoonekana:

"Jana usiku ulikula nini, bibi?"

"Maji ya ndani yamebaki ndoo ngapi?"

"Ule mguu umepungua uvimbe?"

Halafu nyamaza. Hesabu moja mpaka tano moyoni kabla hujaongeza neno. Katika ule ukimya ndimo mtu anaposema, "Aa, mwanangu, jana sikukoka moto."

Maneno mengine yaache kabisa. "Jikaze" humfungia mtu mdomo. "Afadhali wewe, kuna fulani..." humgeuza aanze kukufariji wewe. "Mungu kampenda zaidi" mwachie mfiwa aseme mwenyewe akitaka. Na "ukihitaji chochote niambie", japo lina nia njema, linamtwika mwenye shida kazi ya kuomba. Sema badala yake: "Kesho saa mbili asubuhi naleta ndoo mbili za maji. Nizitue wapi?" Mtu anaweza kukataa ahadi ya namna hiyo bila aibu, au kuikubali bila kuomba.

Hatua ya pili: kaunta buku na nyumba tano

Chukua nyumba ishirini mpaka thelathini zinazokuzunguka, pita nazo kichwani moja moja. Tafuta mzee anayelala peke yake, mgonjwa wa kitandani, mama aliyejifungua ambaye hana ndugu karibu, nyumba iliyofiwa ndani ya mwaka, na mtoto anayelea wadogo zake. Usiwasahau wapangaji na wageni. Kusini inajua kupokea: vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu walivuka mto Ruvuma kuja upande huu, na wengine wakawekwa Rutamba, Lindi. Hata hivyo mpangaji aliyekuja mwaka huu kufuata kazi bandarini anaweza kuugua wiki nzima chumbani kwake bila mtu kujua.

Katika orodha hiyo chagua nyumba tano. Tano tu. Vikundi vingi hufa kwa sababu vilianza na nyumba ishirini kwa furaha, mwezi wa pili zikabaki mbili, na zile kumi na nane zilizoachwa zikaumia kuliko ambavyo zingeumia kama hakuna aliyekwenda.

Kila nyumba ipe ukurasa wake wenye mambo haya: nani hulala humo usiku, nani apigiwe simu hali ikibadilika, chakula asichokula mwenyewe, zahanati anakokwenda na kadi yake inapowekwa, siku za zamu, na ahadi ya mwisho iliyotolewa. Ahadi ndiyo muhimu kuliko yote. Ugonjwa usiuandike. Kaunta buku ikisahaulika sokoni asipatikane mtu wa kuaibika.

Kabla ya ziara ya kwanza, mweleze mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na viongozi wa msikiti na kanisa. Mkikosa kufanya hivyo, maneno yataanza: kwa nini wale wanaingia kwa mjane, wanataka shamba? Na kila ziara iwe ya watu wawili, mmoja awe mwanamke. Inalinda heshima ya mwenyeji na yenu.

Hatua ya tatu: zamu

Watu wanane ni jozi nne. Nyumba tano zikitembelewa mara mbili kwa wiki ni ziara kumi, kwa hiyo kila jozi ina ziara mbili au tatu, nusu saa kila moja. Pamoja na kutembea ni kama saa mbili kwa mtu. Ukiomba zaidi ya hapo watu watakubali kwa adabu halafu hawatakuja.

Kila siku ya ziara iwe na jina la mtu mmoja anayewajibika, hata kama wanakwenda wawili. Asipoweza, yeye ndiye anayetafuta wa kumbadili, wala si kutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kuuliza "nani anaweza leo?" Ujumbe wa namna hiyo ni ule umati wa Latané na Darley: wanane wanausoma, kila mmoja anamngojea mwenzake.

Zamu zifuate msimu. Kuanzia Septemba korosho zikianza kudondoka, watu wako mashambani tangu alfajiri. Hamishieni ziara jioni. Kwenye ufuta, kwa walio Lindi na Nachingwea, siku za kuvuna na kukung'uta zina shughuli kama hizo. Ziara iliyopangwa saa ya kazi haitafanyika, na mwenye kungoja atakuwa amekaa mlangoni.

Hatua ya nne: ziara yenyewe

Piga hodi, ungoja uitikiwe. Mgonjwa hana mlango mwingine wa heshima uliobaki ila huo. Ukisimama hapo mlangoni, vuta pumzi tatu, uuache mnada na deni lako nje.

Anza na maji. Kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, maji ni kazi kubwa kuliko chakula, na kiangazi ndoo hununuliwa. Kwa mgonjwa anayeogeshwa kitandani, panga ndoo mbili za lita 20 kwa siku za kumwogesha, kunywa na kufua vitambaa. Ukibeba moja ya ziada usiisemee. Itue, uendelee na kazi.

Kisha chakula. Angalia sufuria kwa jicho la pembeni, usifunue vyungu vya watu. Mgonjwa asiyeweza ugali mpikie uji: vijiko vinne au vitano vya chakula vya unga wa mtama, mahindi au muhogo kwa nusu lita ya maji, uchemke vizuri, mwishoni utie kijiko kikubwa cha karanga au korosho zilizotwangwa laini kabisa. Korosho tunazo, na humwongezea nguvu mtu anayekula kidogo. Uliza kwanza kama hazimdhuru.

Kumlisha ndiko kunakoharibika mara nyingi, kwa hiyo tulia hapa. Mgonjwa akilishwa amelala chali, uji unaweza kuingia njia ya hewa. Anakohoa kidogo, watu wanasema amepaliwa, siku mbili baadaye ana homa ya mapafu. Mkalishe, mgongo umeegemea mto au mtu, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Kaa mbele yake, macho yenu yawe usawa mmoja. Usisimame juu yake kama unayemwagilia mche. Chota nusu kijiko, gusisha mdomo wa chini, ungoja afungue mwenyewe. Tazama koo: kijiwe cha shingoni kikipanda na kushuka ndiyo amemeza. Hapo ndipo unachota tena. Sauti yake ikiwa kama yenye maji, acha, mwambie akohoe. Akimaliza abaki amekaa angalau nusu saa. Bakuli moja linaweza kuchukua dakika ishirini na tano, na hizo dakika ndizo ziara yenyewe.

Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila saa mbili, kwa zamu kati yenu na wenye nyumba. Tandika kanga chini yake, watu wawili mshike pande zake mumnyanyue badala ya kumburuta, maana ngozi ya mgonjwa huchanika kama karatasi iliyolowa. Weka mto au nguo iliyokunjwa katikati ya magoti. Kila siku mtazame kwenye kifupa cha mkia, nyonga, visigino, viwiko na mabega. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tumia mgongo wa kiganja kutafuta joto, ugumu au mahali anaposhtuka ukigusa. Ukikuta, asilalie tena upande huo, pasisuguliwe wala kukandwa, na mhudumu wa afya aambiwe siku hiyohiyo. Kumkalisha juu ya kitambaa kilichoviringishwa kama kata hakusaidii. Kata hubana damu pembeni na kidonda huja upesi.

Kisha kaa chini. Dakika tano za mwisho usifanye kazi yoyote. Mzee akikusimulia habari ile ya mwaka jana na juzi, muulize kitu ambacho hukuwahi kuuliza: ule mkorosho wa mpakani aliupanda nani? Kabla ya kuondoka sema siku ya kurudi, uandike.

Haya yakionekana usingoje zamu ijayo: hajakojoa tangu asubuhi mpaka jioni, haamki vizuri, anahema kwa shida, mdomo umekwenda upande au mkono umelegea ghafla. Zahanati kwanza kama iko karibu; la sivyo moja kwa moja kituo cha afya au hospitali, iwe Ligula, Sokoine, Nyangao au Ndanda, kutegemea mlipo. Mama mjamzito au aliyejifungua akipata dharura, piga 115, namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa akina mama, bila malipo. Mtoto anayepigwa au kunyimwa chakula, piga 116, nayo ni bure. Anayehara mpeni maji yenye chumvi na sukari mkiwa njiani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari.

Mtu akilazwa, zamu hugawanyika. Mmoja anakaa naye wodini na mfuko wenye kanga mbili, beseni, chupa ya chai, sahani, sabuni na kadi ya kliniki; mwingine anabaki nyumbani kwake kuangalia watoto, kuku na mlango. Huyu wa nyumbani husahaulika, na mgonjwa akiwa anawaza kuku wake hapati usingizi.

Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007. Msaidieni mapema kupata utambulisho kupitia serikali ya kijiji au mtaa na ustawi wa jamii, si siku amezidiwa.

Hatua ya tano: baada ya matanga

Siku ya mazishi kikundi chenu hakihitajiki sana. Changanyikeni na wengine. Kazi yenu inaanza matanga yakishaanuliwa. Andikeni kwenye ukurasa wa nyumba hiyo tarehe hizi: siku ya 7, ya 14, ya 40, mwezi wa tatu, wa sita, na mwaka. Siku ya 14 na mwezi wa tatu ndizo ngumu, kwa sababu hazina shughuli yoyote na hakuna anayezikumbuka.

Mjane Mwislamu yuko ndani kwa edda, miezi minne na siku kumi. Anahitaji mtu wa sokoni, wa mashine ya kusaga, wa kuchota maji na wa kumpeleka mtoto zahanati. Wekeni mtu mmoja, mwanamke, anayepita kila siku ya pili asubuhi na kuchukua orodha na fedha, akarudisha chenji imehesabiwa mbele yake. Chenji iliyopotea mara moja huvunja imani ya mwezi mzima.

Karatasi nazo ni huruma. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Kikitokea nyumbani, habari ianzie kwa mtendaji. Cheti cha kifo kinahitajika benki na kwenye mirathi, na mirathi ya kawaida huanza na kikao cha ukoo chenye muhtasari ulioandikwa, kisha Mahakama ya Mwanzo. Kazi yenu ni kumkumbusha, kumsindikiza na kumsomea kilichoandikwa kabla hajaweka dole gumba. Msiwe mashahidi wala waamuzi wa ugomvi wa ukoo.

Mfiwa akitaja jina la marehemu, msikwepe. Wengi huhamisha mazungumzo wakidhani wanamlinda. Litajeni nanyi: "Mzee alikuwa anapenda pweza wa nazi, sivyo?" Akilia, kaeni. Machozi yake hayana haja ya kuzuiwa.

Hatua ya sita: mfuko, na habari ya kangomba

Watu wanane wakitoa shilingi 1,000 kila wiki ni 32,000 kwa mwezi. Inatosha sabuni, sukari, nauli ya bodaboda na unga wa dharura. Mwekeni mtunza fedha mmoja na mtunza kaunta buku mwingine. Asiwe mtu mmoja. Hesabu isomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi, ila majina ya waliosaidiwa yasisomwe nje ya kikundi. Picha za mgonjwa akipokea kilo mbili za unga msipige, hata mkiwa na nia ya kuhamasisha wengine. Zikiingia kwenye simu za watu, mwenye shida amelipa unga huo kwa uso wake.

Fedha za korosho huingia baada ya minada, na miezi ya Januari mpaka Machi, kabla ya mavuno ya shambani, ndiyo ya kubana. Kwa hiyo ongezeni mchango wakati wa malipo ya korosho, mkiweka akiba ya miezi hiyo mitatu.

Lakini matumizi bora kuliko yote ya mfuko huu ni ya mwanzo wa msimu. Bibi mwenye mikorosho yake anaumwa Septemba, anataka shilingi 20,000 za dawa, na chama cha msingi cha ushirika bado hakijaanza kupokea korosho. Mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua kwa magendo nje ya mnada, anapita usiku na kipimo chake, anachukua kwa bei ya kutupa korosho ambazo mnadani zingemlipa vizuri zaidi. Kangomba imekatazwa na kila mtu anajua, ila aliyebanwa hana la kuchagua. Mpeni bibi 20,000 hiyo mapema, kama msaada. Isiwe mkopo, na mtu yeyote wa kikundi asipokee korosho kama malipo; siku mkifanya hivyo mmekuwa kangomba wenye salamu nzuri.

Kisha msaidieni kwa mikono: kuokota, kutenganisha korosho na bibo, yaani tunda lake, kuanika juani siku mbili au tatu kwenye jamvi, na kuchambua zilizooza au kutobolewa na wadudu. Mzigo ukienda ghalani, msindikizeni mkaone mizani, na stakabadhi iandikwe jina lake. Malipo yaingie akaunti yake mwenyewe. Hana akaunti? Mpelekeni akafungue kabla ya msimu. Kupitisha korosho zake kwenye akaunti ya jirani au mjukuu "ili kumrahisishia" kumewaliza wazee wengi.

Yule asiyependwa

Mtaani yupo mlevi aliyetukana kila mtu, mama anayesemwa mchawi, na mgonjwa wa akili anayetupia watu mawe. Zamu zikikwepa nyumba hizo, mtakuwa mnawaangalia watu wanaowapendeza tu. Wekeni walau mmoja wao katika zile nyumba tano.

Kwa mlevi nendeni asubuhi, kabla hajaanza. Mpelekeni chakula, msimpe fedha. Msihubiri ziara tatu za kwanza. Kwa mgonjwa wa akili, kaeni upande wa mlango, msimzingire, msimcheke mbele ya watoto, semeni polepole jina lake na lenu; mkimsaidia kurudi kliniki na kumeza dawa kila siku mmefanya kubwa kuliko chakula. Kwa anayesingiziwa uchawi, kule kuonekana tu mmeketi barazani kwake mchana kweupe mnakula muhogo wake kunamlinda. Watu wanaona. Lakini akitishiwa maisha, hilo ni la mwenyekiti na polisi siku ileile, piga 112.

Mkianza kuchoka

Dalili ni hizi: unaipita nyumba yake kwa njia ya nyuma, unamkaripia mgonjwa, unaota habari zake, au unaona wengine wote mtaani hawafai. Tania Singer, mtafiti wa ubongo wa Ujerumani, na wenzake waligundua kwamba kuumia maumivu ya mwenzako na kumhurumia ni mambo mawili. Aliyezoezwa kuumia pamoja na mwingine huishia na majonzi. Aliyezoezwa kumtakia nafuu hubaki na nguvu. Ndiyo maana lile zoezi la jioni halina budi kuendelea hata mkishakuwa wazoefu, na linaanza na wewe mwenyewe.

Kila mtu apumzike wiki moja katika nne, bila kuomba radhi. Jozi zibadilishwe kila baada ya miezi mitatu, ila abaki mmoja anayemjua mwenyeji, asije akajikuta anaogeshwa na wageni wawili.

Watoto waingizwe kwa kazi zao halisi. Wa miaka minane anaweza kupeleka kikombe cha uji na kurudisha habari. Akirudi usimuulize kama amefanya vizuri. Muulize ameona nini. "Bibi amevaa viatu vya miguu tofauti" ni habari inayostahili kuandikwa ukurasani.

Kila baada ya miezi mitatu

Kaeni na kaunta buku kwa saa moja. Hesabuni ahadi zilizoandikwa na zilizotimizwa. Ziara zikiwa chini ya nane kati ya kumi kwa wiki, punguzeni nyumba badala ya kulaumiana, na mkaiage ile mnayoiacha ana kwa ana, mkiwa mmempata ndugu au jirani wa kuendelea nayo. Kisha mtu ambaye hakuwa na zamu kwenye nyumba husika aende kumuuliza mwenyeji: tukija, ni kitu gani kinakuchosha? Jibu linaweza kuuma. Pengine mnakaa sana, mnaongea kwa sauti, mnamletea mchicha naye anataka kisamvu. Liandikeni kama lilivyosemwa, mrekebishe jambo hilo wiki hiyohiyo, na kabla hamjainuka jina la mwenye zamu ya kesho liwe limeshaandikwa.